Thembo, Simu ya Kijiji Ilikuwa Bado Inakusubiri

Thembo,

Mimi Bwambale niko na miaka themanini na bado napanda mlima wa Karambi bila fimbo. Mgodi wa shaba uliotukutanisha ulikufa, mimi niko. Vita vya mlimani vilipita, mafuriko yalibeba madaraja na nyumba za watu, mimi niko. Machifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, walikuja na matumbo madogo, wakahamishwa na matumbo makubwa, mimi niko. Baiskeli zangu zote zimekufa. Wake zangu wawili nimewazika, Mungu awapumzishe. Nilijua vyote vitakwisha nami nitabaki, na nilikuwa naona sawa tu.

Wewe sikukuweka kwenye hesabu hiyo. Ulikuwa mdogo wangu kidogo, hukunywa, hukugombana na mtu. Katika mpango wangu wewe ndiye ungeandika maneno ya kusomwa juu ya kaburi langu, na ungeniongezea sifa, maana ulikuwa unajua kuziweka.

Sasa ninaandika mimi. Angalia herufi zangu zinavyolala upande kama migomba baada ya upepo. Usicheke. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho peke yake nilichofundishwa kuandika, na aliyenifundisha ni wewe, kwa kipande cha mkaa, kwenye ukuta wa kambi ya mgodi. Lhukonzo, lugha yetu ya mlimani, naongea na kila mtu. Kiswahili kilikuwa cha kazi yetu, na cha kuwasengenya watu wakiwa mbele yetu, tukidhani hawasikii. Huku mpakani kila mtu anasikia, bwana. Miaka yote ile walikuwa wanatunyamazia tu.

Kazi yetu unaijua, lakini acha niiseme. Siku hizi sina mtu wa kumwambia. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kijiji na muhuri ulikuwa wangu. Uchaguzi wetu si wa karatasi, watu wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, na mstari wangu kila mara ulipita kanisa ukaenda kugusa shamba la katekista. Wewe ulikuwa katibu. Mimi nasema, wewe unaandika, mimi nagonga. Kijana anataka barua ya kwenda shule, nasema, unaandika, nagonga. Watu wamegombania mpaka wa kahawa, nasema sana, unaandika kidogo, nagonga.

Nilikuwa nakwambia, "Waandikie hao wezi wa gombolola kwamba daraja letu limeoza na wao wamekaa wanakunywa chai." Unaandika kimya, ulimi umeutoa kando ya mdomo. Halafu unanisomea: "Waheshimiwa, kwa unyenyekevu tunapenda kuwakumbusha." Nauliza, "Wezi wako wapi?" Unasema, "Wamo, Mwenyekiti. Wako ndani ya waheshimiwa."

Leo hakuna wa kunibadilishia maneno, ndiyo sababu barua hii iko na meno.

Halafu serikali ikaleta mambo ya mashine. Unakumbuka siku ile Kasese, kwenye ukumbi wa mabati, joto la kufa mtu? Wenyeviti na makatibu wa vijiji vyote tumejazwa mle kama samaki wa Kasenyi kwenye kapu. Binti aliyetoka Kampala na chupa yake ya maji akauliza, "Wazee, mko tayari kwa teknolojia?" Mimi nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Wote wakafuata. Akaandika kwamba tuko tayari. Wewe ukaninong'oneza, "Tayari kwa nini, Mwenyekiti?" Nikakujibu, "Kwa chapati." Na chapati zikaja kweli.

Kila kijiji kikapewa simu pana kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Binti akaeleza: ombi la kijiji linaandikwa humo ndani, mwenyekiti anaweka kidole chake, halafu katibu naye anaweka chake. Bila kidole cha pili ombi halitoki. Mimi nilisema mbele ya ukumbi mzima kwamba huo ndio mpango wetu tangu zamani, serikali imetuiga. Watu walipiga makofi. Wewe uliangalia chini.

Tukafika mahali pa muhuri. Binti akasema mwenyekiti aweke muhuri. Mimi siendi popote bila muhuri wangu. Nikautoa mfukoni, nikaupulizia pumzi ya moto kama kawaida, nikagonga kioo. Pa! Wino wa zambarau kila upande. Binti akaruka kama amekanyaga nyoka. "Mzee! Muhuri umo ndani tayari!" Nikamwambia, "Huo wa ndani nani aliuona ukigongwa?"

Na wakati huo huo wewe ulikuwa umekaa mbele ya simu kupigwa picha yako ya ukatibu. Ulicheka, Thembo. Sijapata kukuona unacheka hivyo tangu siku msimamizi wa mgodi alipoanguka kwenye tope na suti yake. Picha ikakukamata mdomo wazi, ule mwanya wako wa mbele wote nje, jicho moja limefunga. Binti akataka kupiga nyingine. Nikamkatalia. Nikasema, "Huyo ndiye katibu wangu. Mwache hivyo hivyo."

Wino waliufuta kwa spiriti. Lakini kwenye pembe, pale kioo kinapokutana na chuma, uliingia chini na haukutoka tena.

Halafu mvua zikaja, na kifua chako.

Habari ya ile wodi siandiki. Ulikuwepo.

Juu ya jeneza waliweka picha yako ya kitambulisho, umekaza uso kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani. Nilitaka kusema iko picha nyingine, nzuri, lakini simu pana ilikuwa ndani ya sanduku langu pamoja na muhuri, na betri imekwisha. Kitu cha serikali mimi nakifungia. Nani angejua inataka kulishwa umeme hata kama haifanyi kazi?

Moto wa kilio uliwaka uani kwako na sisi wanaume tukaulinda. Siku ya kuumaliza, unajua mila yetu, mtu wa rika lako ndiye anayetawanya majivu, ili mjane afagie uwanja wake na watu warudi shambani. Niliyatawanya mimi, kwa mkono huu, na haukutetemeka. Watu waliona. Nikajua kazi ya kukuaga nimeimaliza.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mlima ulishuka. Kile kipande juu ya shamba la miti kililoa, kikateremka chote, kikakata bomba letu la maji. Lile tulilolipigania mimi na wewe, lenye maji yanayoshuka yenyewe kutoka juu. Bomba la pale kanisani likakohoa tope, likanyamaza. Wanawake wakarudi mtoni kama enzi za mama zetu, kwenye ile njia ya utelezi. Mke wa katekista alianguka na dumu lake akavunjika mkono.

Nikasema hii ni kazi ndogo. Nikamwita Biira, binti yako. Tangu uondoke yeye ndiye anaichukua simu pana siku za soko la Mpondwe, anaipa umeme kwenye saluni iliyo karibu na meza yake ya nguo. Alikaa barazani kwangu, kwenye kiti chako, nikaanza kusema na yeye akaandika. Nikasema, "Waambie hao wezi..." Alipomaliza nikamwambia asome. Alikuwa ameandika "wezi". Mtoto wa Thembo! Nikamwambia, "Futa hapo. Weka waheshimiwa." Akaniangalia kama nimepata homa.

Nikaweka kidole. Simu ikafikiri kidogo, halafu ukatokea wewe. Mdomo wazi, mwanya nje, jicho moja limefunga. Na chini yako maneno ya Kiingereza.

Nikamuuliza Biira, "Inasema nini?" Akasema, "Inamsubiri Baba."

Nikashuka Bwera mwenyewe, kwenye ofisi ya gombolola. Ungecheka. Mlangoni wamebandika karatasi kubwa inayosema ofisi hii haitumii karatasi, na nyingine ukutani, na nyingine kwenye mlango wa choo. Kompyuta ni nyingi, lakini zimevaa nailoni zao bado, zinangoja mkubwa wa wilaya aje azifungue rasmi, na mkubwa kila wiki ana safari. Inayofanya kazi ni moja, ya binti anayeitwa Kabugho, msichana wa Nyakiyumbu, mdogo, miwani mikubwa. Nikamwambia chifu naleta ombi letu la maji kwa karatasi na muhuri kama zamani. Chifu hakuinua macho. "Mzee, karatasi hatupokei. Kila kitu kinapita kwenye mfumo." Nikamwambia, "Mfumo wako unamsubiri marehemu." Akasema, "Basi mwone Kabugho."

Kabugho akasema, "Ni rahisi, mzee. Tunamfuta katibu wa zamani, tunaweka mpya. Unaweka kidole chako mara moja, kwisha."

Nikauliza, "Na picha yake inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mzee. Inafutika."

Nilichukua simu yangu mezani. Nikamwambia katibu wangu hafutiki, na nikapanda mlima. Bila fimbo.

Thembo, nitakwambia wewe peke yako. Kuanzia hapo, kila jioni jua likikaa juu ya milima ya Kongo, nilitoa ile simu kwenye sanduku, nikafungua ombi la maji, nikaweka kidole. Unatokea. Nakaa na wewe kidogo. Nakwambia nani amezaa, nani ameuza kahawa mbichi, padri alihubiri nini na wapi alikosea. Ukikaa sana bila kuguswa simu inakuwa nyeusi. Naweka kidole tena.

Watu walidhani nahangaikia maji. Nikawaambia ni mtandao. Na mtandao wetu ni mbovu kweli, uongo si wote. Kule juu simu inashika mnara wa Kongo bila kuuliza mtu, na ikishaushika hata saa yake inarudi nyuma, saa nzima, kama ya wenzetu wa ng'ambo.

Lakini ukweli ni huu. Watu walikuwa wamesharudi shambani. Kwaya imepata mtu mwingine wa sauti nzito, wa hovyo. Pale tulipokuwa tunakaa kwenye gogo kungoja gari la kahawa, vijana wamekaa wanaangalia mpira kwenye simu. Kila mtu alikuwa amemaliza na wewe, kwa heri, kwa mila, kama inavyotakiwa. Waliobaki wanakungoja ni mimi na hiyo mashine. Na mimi nikufute?

Asubuhi moja nikafungua mlango, uwanja wangu umejaa madumu. Matupu, yamepangwa mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye kahawa. Mstari mrefu, Thembo. Kama ule wangu wa uchaguzi. Na wanawake wamesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

Mbambu, yule wa mdomo, akaanza. "Cheyamani, tujazie!" Mwingine akadakia, "Kama katibu wako ni marehemu, mwambie basi atuletee maji, si yuko karibu na anayeleta mvua?" Wakacheka, kicheko kibaya. Niliwajibu. Unanijua, sikukosa maneno. Nikawaambia kabla hata hawajaota meno mimi nilikuwa napigania bomba lile na gombolola. Mbambu akasema, "Asante babu, basi tutakunywa hiyo habari."

Halafu nikaliona dumu lako. Lile la njano ulilochora herufi T kwa msumari wa moto. Na nyuma yake amesimama Masika, mkeo, kwa magoti yake yale. Alikuwa ametoka mtoni. Sketi imeloa tope mpaka mapajani. Hakucheka na wengine. Alikuja mpaka mbele yangu, akasema taratibu:

"Shemeji, mume wangu amekufa. Mimi nimekubali. Wewe ni nani usikubali?"

Niliigusa ile T kwa kidole, nikaingia ndani.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kabugho alishatuma habari kwa kijana wa boda: maombi ya maji yanafungwa ofisi ikifunga, saa kumi na moja jioni, na asiyeingia atangoja bajeti ya mwaka mwingine. Nilivaa koti langu la kanisani. Nikamchukua Biira. Mkutano ulishamtaja awe katibu, kwa kelele nyingi, mimi nikiwa nimewapa mgongo. Nikachukua simu na muhuri, tukashuka.

Tulifika Bwera mapema. Nikamwambia Biira tunywe chai kwanza kwa Mama Kavira. Unamkumbuka, yule mama wa Butembo, Kongo, muuza makayabo, wale samaki wa chumvi, aliyekimbia vita akaweka kibanda barabarani. Biira akasema, "Baba mkubwa, twende kwanza tumalize." Nikamwambia mtu hafanyi kazi ya serikali na tumbo tupu. Nilikaa. Nikatoa simu, nikaweka kidole, nikakuweka mezani karibu na kikombe.

Simu ilisema saa tisa na nusu. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani ya Kavira, nayo ikasema saa tisa na nusu. Mashahidi wawili. Nikaagiza chai nyingine. Nilikuwa nakuangalia, Thembo, nakuhesabia mambo. Siku ya ukuta na mkaa. Siku ulipomwandikia baba mkwe wangu barua ya kuomba msamaha, mimi sijui, mpaka akanirudishia mke. Biira alitoka nje, akarudi, akatoka. Kavira alikuja kufuta meza, akaona simu, akaangalia kioo kwa makini.

"Mzee, unangoja nini?"

"Nina muda," nikamwambia. "Ofisi inafunga saa kumi na moja."

"Muda gani? Iyo saa ni ya kwetu! Simu yako imeshika Kongo."

Nikamwonyesha saa yake ya ukutani. Akapiga kofi. "Na ile ni ya kwetu vilevile! Miye niliiacha saa ya nyumbani, batoto yangu beko kule, nataka kujua sasa banakula, sasa banalala. Bwera muzima banajua! Hapa kwenu iko saa kumi na nusu, inapita! Lamuka, papa! Mutu muzima anaangalia simu sawa mutoto!"

Bwera nzima inajua. Mimi na wewe tulikuwa tunaicheka ile saa kila siku ya soko. Wewe ulikuwa unamwambia Kavira, "Mama, ukitupikia kwa saa yako tutakula kesho." Na mimi nimeisahau, kwa sababu nilikuwa nataka kuisahau.

Nilipanda boda kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mimi niliyeapa sitaipanda. Nilikaa katikati kama gunia, Biira nyuma yangu ameshika koti langu. Nikamwambia dereva aongeze moto. Kuku walitupisha, mbuzi walitupisha. Biira alikuwa anasali kwa sauti, mimi sikusali, nilimwelekeza dereva njia ambayo alikuwa anaijua.

Kabugho alikuwa na ufunguo mkononi. Akasema, "Mzee, nimeshazima. Jumatatu." Nikamwambia Jumatatu ni bajeti nyingine. Nilisimama mlangoni. Mimi nikisimama mlangoni, mlango haufungi. Aliniangalia, akamwangalia Biira na vumbi lake usoni, akarudi ndani akawasha. Ile kompyuta inaamka polepole kama mgonjwa, na betri ya sola ilikuwa inalia pii, pii.

Akasema kwa upole, "Babu, kumfuta katibu kunataka kidole chako."

Ulikuwa pale, unacheka. Kabugho akasema naweza kumruhusu akupige picha kwa simu yake kwanza, atanitunzia. Nikamwambia, "Mimi sihitaji picha. Uso wa Thembo naujua kuliko wangu." Unajua kiburi changu. Nilijuta kabla ya kufunga mdomo.

Nikaweka kidole. Mashine ikakataa. Mkono huu uliotawanya majivu yako mbele ya kijiji kizima, Thembo, ulikuwa unacheza kama jani. Nikaufuta kwenye koti. Nikaweka tena. Ikakubali.

Pakabaki kivuli cha kichwa cha mtu, cha kijivu, kisicho na uso.

Biira akakaa mbele ya simu kupigwa picha yake. Alikaza uso kama wewe kwenye kitambulisho, macho yamejaa maji. Betri inalia. Mimi sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Nikatoa muhuri mfukoni, nikaupulizia pumzi, nikauinua juu ya kioo. Kabugho akapiga kelele, "Babu, usithubutu!" Na Biira akacheka. Mdomo wazi, mwanya wote nje. Simu ikamkamata hapo hapo.

Nilijua ana mwanya. Nimemjua tangu alipoota meno. Sikuwahi kuutazama.

Akaweka kidole, na ombi likaondoka. Kabugho akasema limepokelewa, akatutoa nje, akafunga. Tulirudi kwa miguu mpaka Karambi.

Walikuja watu wawili na futi ndefu, wakapima mtaro wa bomba, wakakubali ndizi zetu, wakaondoka. Mabomba bado. Chifu anasema mfumo unaonyesha kazi inaendelea. Nimekwenda kuangalia mtaroni, hakuna kinachoendelea isipokuwa majani. Lakini Mbambu ananisalimia tena, kwa matusi, kama zamani. Masika ananiletea bundu, ugali wetu wa muhogo, Jumapili na hanikalii, anaweka sahani, anasema "Shemeji, kula," anakwenda. Dumu lake anabebewa na binti wa Biira sasa.

Kazi inakwenda. Biira ameshajifunza waheshimiwa. Anaandika haraka na hatoi ulimi. Akimaliza anaondoka, ana biashara yake, ana watoto. Hawezi kukaa barazani kusengenya na mzee. Jioni sina sababu ya kufungua sanduku. Nafungua tu. Simu naiwasha, naiona ile alama ya zambarau kwenye pembe, naizima, kulinda betri. Kiti chako nimekigeuzia ukutani, halafu nimekigeuza tena.

Sasa nimechoka, mkono unauma, na herufi zinazidi kulala. Lala na wewe, ndugu yangu. Lala vizuri. Nakuahidi hivi: siku maji yatakapotoka, hata kama ni tope kwanza, nitashuka pale ulipozikwa chini ya kahawa yako nikwambie wewe kwa mdomo wangu, kabla sijawaambia gombolola. Mashine ingoje. Kungoja inajua.

Na akitokea mtu huko uliko aseme Bwambale anaongeza chumvi, mashahidi wangu wako hai wote. Aulizwe Biira, aliyeona mkono wangu na hajamwambia mtu. Aulizwe Mama Kavira, mradi wasimuulize saa. Aulizwe Masika. Na aulizwe Kabugho wa kompyuta, ingawa yeye atasema nilimpigia kelele mlangoni. Sikupiga kelele, niliongea. Biira ananiambia huyo binti alikupiga picha hata hivyo, nyuma ya mgongo wangu, na anadhani sijui. Siku ya maji nitashuka kwenda kuiomba. Kwa unyenyekevu, kama ulivyokuwa unaandika.

Mwenyekiti wako,
Bwambale